Gereji ya Wasomaji: Baba ana magoti mabovu, nimpeleke makumbusho ya magari?

*Shikamoo mzee. Naishi Esslingen, jirani na Stuttgart, Ujerumani, huu mwaka wa kumi na moja. Baba yangu anakuja mwezi wa sita kukaa nasi wiki tatu. Ni fundi mstaafu, ametengeneza malori Tanga mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Ana miaka sabini na sita, magoti yanamuuma, na si msemaji. Mume wangu anasema tumpeleke makumbusho ya Mercedes-Benz. Mimi nahofia atachoka bure, au atayatazama magari ya matajiri yanavyong'aa kisha anyamaze mpaka jioni. Tumpeleke, au tumpumzishe nyumbani na wajukuu?*
*Binti wa fundi, Esslingen*

Marahaba binti yangu. Mpelekeni, tena wiki ya kwanza, ili akitaka kurudi siku ziwepo. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu hata mimi nilianzia Tanga, gereji moja ya Ngamiani, mwaka 1969, kazi yangu ya kwanza ikiwa kuosha nati kwa dizeli ndani ya debe lililokatwa nusu. Yawezekana kabisa mimi na baba yako tumewahi kuazimana spana. Na mwaka 2012 mwanangu alinipeleka kwenye jengo hilohilo unaloniuliza, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza magoti. Jengo lilifunguliwa mwaka 2006, lina ghorofa tisa, na waliolichora walifikiria vizuri: mgeni hapandi. Unaingia chini, lifti inakufikisha juu kabisa, halafu unateremka taratibu kwa njia mbili zinazojizungusha kama kamba iliyosokotwa. Njia moja inapita kumbi za historia tangu mwanzo, ya pili inapita kumbi ambako magari yamepangwa kwa kazi zake, na kila ghorofa unaweza kuvuka kutoka njia hii kwenda ile. Najua kuteremka nako ni shida, mimi mwenyewe kushuka ndiko kunakonitesa kuliko kupanda. Akichoka, lifti zipo. Magari ni kama 160. Msijaribu kuyamaliza. Mimi nilijaribu, na kumbi mbili za mwisho nilizipita kama mtu anayewahi basi la mwisho, mpaka leo naumia.

Jumatatu wamefunga. Siku nyingine wanafungua saa tatu asubuhi. Kutoka kwenu Esslingen mnapanda treni ya S1 bila kubadilisha, mnashuka Neckarpark, mnatembea kidogo. Fikeni saa tatu kamili, makundi ya wanafunzi yasijewapita mlangoni.

Lifti ikifunguka kule juu, cha kwanza kukuona si gari. Ni sanamu ya farasi mweupe, ukubwa wa farasi kweli, na pale chini pana maneno yanayosemwa kuwa ya Kaiser Wilhelm II: kwamba yeye anamwamini farasi, na motokaa ni kitu cha kupita tu. Mwanangu aliponitafsiria nilibaki nimesimama. Huyo ndiye Kaiser aliyetawala Tanga yetu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi enzi zake, mzigo kichwani kutoka pwani kwenda bara, kwa sababu mbung'o walikuwa wanaua farasi na ng'ombe njiani. Kaiser anaamini farasi, na kwetu farasi alikuwa babu yangu. Sikumwambia mwanangu hapohapo, nilimwambia usiku tukila. Baba yako huenda naye ana babu wa namna hiyo. Mpe nafasi asimame pale.

Karibu na hapo ndipo utakuta kitu ninachotaka akione akiwa bado ana nguvu: gari la magurudumu matatu la Carl Benz, lile aliloliombea hataza, yaani haki ya kisheria ya ugunduzi wake, tarehe 29 Januari 1886. Lenyewe la kwanza kabisa liko Munich, Deutsches Museum, tangu mwaka 1906, lakini hapa ataona kila kiungo chake. Tafadhali usimsomee maandishi ya ukutani. Mwache azunguke nyuma ya kiti, maana injini iko wazi, haina boneti wala kifuniko. Silinda ni moja, imelala, haifiki ujazo wa lita moja, na nguvu yake haifiki ya farasi mmoja. Chini kuna gurudumu zito la chuma limelazwa kama sinia. Benz alihofia kwamba likisimama wima litausumbua usukani kwenye kona, na kuwasha ni kulizungusha hilohilo kwa mkono. Rejeta hakuna. Maji yanachemka, yanatoka kama mvuke, wewe unaongeza mengine. Minyororo iko miwili, kulia na kushoto, kama ya baiskeli. Niliinama kutazama minyororo ile mpaka mlinzi akaja. Akaiangalia mikono yangu, akarudi alikotoka.

Sasa hapo mweleze habari za mke wa Benz, kwa sababu baba yako ataielewa kuliko sisi wote. Agosti 1888, Bertha Benz aliwachukua wanawe wawili, Eugen wa miaka kumi na mitano na Richard wa kumi na mitatu, akatoka Mannheim na gari la mumewe, mumewe hana habari. Walikuwa wanakwenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100, wakati hakuna mtu aliyewahi kusafiri umbali wa namna hiyo kwa gari. Mafuta yakapungua, akayanunua duka la dawa mjini Wiesloch, kwa sababu wakati ule yaliuzwa huko kama dawa ya kuondolea madoa. Mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa moto ukachubuka, akaufunga kwa mpira wa soksi. Breki za mbao zikaisha, akamtafuta fundi viatu azipigie ngozi. Milimani wanawe wakashuka kusukuma. Alipofika alimpelekea mumewe simu ya maandishi kwamba wamefika salama, na aliporudi walijua gari linahitaji gia ya kupandia mlima.

Mimi nilipoyasikia hayo nilimwona mama huyu kama mwenzetu. Nimewahi kuziba tangi la dizeli kwa sabuni ya mche pale Kabuku, na nimeona mkanda wa suruali ukifanya kazi ya fenibelti mpaka Korogwe. Watu husema gari liligunduliwa gerejini. Nusu ya kwanza ndiyo. Nusu ya pili iligunduliwa njiani, na mtu ambaye limemwishia mkononi na giza linaingia.

Baada ya hapo nakushauri mruke kumbi kadhaa mwende moja kwa moja kwenye ukumbi wa mizigo, wao wanauita Galerie der Lasten. Malori. Gottlieb Daimler aliunda lori la kwanza la injini mwaka 1896, silinda mbili, nguvu ya farasi wanne, linabeba tani moja na nusu. Linganisha na lile ambalo baba yako amelala chini yake miaka yote. Usimwahidi kwamba ataikuta Benzi 911, magari mengine huwa yanabadilishwa zamu. Lakini muulize kwa nini iliitwa tisa kumi na moja. Kama hajui, utamfundisha wewe na atafurahi: 9 ni tani za gari pamoja na mzigo wake, 11 ni nguvu ya farasi 110. Ndivyo hivyohivyo na 1113, tani 11 na farasi 130. Miaka mingapi tumeyataja majina hayo kama majina ya watoto, bila kuuliza maana.

Kwenye kumbi za historia msipite bila kuiona 260 D ya mwaka 1936, gari dogo la kwanza la dizeli kuuzwa kwa watu kama bidhaa ya kawaida. Mume wako atataka kuiona 300 SLR ya mwaka 1955, ile yenye milango ya kufunguka juu. Walitengeneza mbili tu, na moja iliuzwa mwaka 2022 kwa euro milioni 135. Mwacheni aitazame, baba yako apumzike kwenye benchi. Gari jeupe la Papa Yohane Paulo II nalo lipo, la mwaka 1980, mama yako atapenda picha yake.

Na sasa lile lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Unasema baba si msemaji. Binti yangu, ukimuuliza "Baba umeonaje?" atakujibu "Pazuri", basi. Usimuulize hivyo. Simama naye mbele ya gari lolote, uliza: "Baba, hili likigoma, unaanzia wapi?"

Mwanangu aliniuliza hivyo kwa bahati tu, mbele ya injini moja ya dizeli iliyokatwa ubavu ili watu waone ndani. Nilianza na pampu ya noza. Kutoka pampu nikaingia mlima wa Lushoto, jinsi tulivyokuwa tunatoka Mombo usiku na 911 yenye mbao, utingo ametembea nyuma na kabari ya mti mabegani, gari likisita tu anaitupa chini ya tairi la nyuma. Nikamwambia jina la utingo yule, ambalo sikuwa nimelitamka kwa miaka thelathini. Nikamwonyesha kovu hili la kiganja na pampu iliyolileta. Dakika arobaini. Mwanangu ana shahada mbili na hakuwa anajua kwamba nililala siku tatu chini ya gari Kwamkoro nikisubiri gasketi. Alijua nilikuwa fundi, basi.

Kwa hiyo beba simu yenye chaji, rekodi sauti, piga picha mikono yake anapoonyesha. Andika majina ya vitu kama anavyoyataja yeye, usimsahihishe. Mimi nilipokea kutoka kwa mwalimu wangu majina ya spana ambayo vijana wa leo hawayajui, na yeye aliyapokea kwa fundi wa Kihindi aliyemfunza.

Mkipata siku nyingine, mpeleke Bad Cannstatt, hapohapo Stuttgart, kwenye bustani ambako Daimler na Wilhelm Maybach walifanyia kazi katika banda la vioo la kutunzia mimea. Ulizieni kwanza siku za kufunguliwa, maana ni padogo. Walifanya kazi kwa siri mchana na usiku, vyuma vinagonga, mpaka mtunza bustani akadhani wanafyatua pesa bandia, akawaitia polisi. Polisi wakakuta injini na vifaa vya ufundi tu. Pale ndipo ilipotoka pikipiki yao ya mwaka 1885. Baba yako atakapoona udogo wa banda lile atalinganisha na gereji yake mwenyewe, na huo mlinganisho ni wake, mwache nao.

Nisalimie sana. Mwambie aliyemwandikia ni mtoto wa gereji ya Ngamiani, ile iliyokuwa na mwembe uani.

*Habari zako mzee wangu. Guka, yaani babu yetu, alituachia Peugeot 404 pikapu, rangi ya kijivu. Imekaa chini ya mpera tangu mwaka 1998, kuku wanatagia kwenye kiti. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu amekuja mara mbili na bei yake. Ndugu zangu wawili wanataka tuuze. Mimi nataka tuipige rangi mpya tuipeleke maonyesho ya magari ya kale Nairobi. Nani yuko sahihi?*
*Mjukuu, Nakuru*

Mzima mjukuu wangu. Kuuza msiuze. Na rangi msipige. Ngoja nikueleze kwa nini, nikianza na kosa nililolishiriki kwa mikono hii.

Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa karakana ya ofisi moja, sitaitaja. Nyuma ya karakana ilikuwepo Land Rover ya zamani sana, ile fupi ya mwanzo mwanzo. Land Rover zilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na bodi zake zilikuwa za alumini kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha bati. Ndiyo maana ile yetu ilikuwa imekaa mvuani miaka na bodi haina kutu hata chembe. Chesisi ilikuwa imeoza sehemu moja tu, nyuma, panapofungwa springi. Panachomeleka. Ikaja amri eneo lisafishwe. Nikapewa gesi, nikaikata vipande sita. Asubuhi moja tu. Ndani ya mlango wa dereva, chini ya bati, nilikuta mtu ameandika kwa msumari safari zake: majina ya vijiji na tarehe, mstari chini ya mstari, tangu enzi za Mwingereza. Nilisoma mistari mitatu minne, msimamizi akaniita. Mlango ukapanda lori pamoja na vingine. Nilichobaki nacho ni kibati cha namba ya chesisi, kiko kwenye droo ninapoandikia barua hii. Vijiji vile sivikumbuki.

Sasa nenda ukatazame mlango wa pikapu ya guka. Zile pikapu za Kenya ziliandikwa uzito wake mlangoni kwa brashi, na mara nyingi jina la mwenye gari na sanduku lake la posta. Kama maandishi yapo, hata kama yamefifia, hayo ndiyo mali. Halafu tazama ukingo wa dirisha la dereva. Utakuta rangi imelika pale kiwiko chake kilipokuwa kinakaa. Ukipuliza rangi mpya, kiwiko cha guka kimekwenda.

Thamani ya 404 yenyewe ninyi mmeisahau kwa sababu mlikua nayo. Ilitoka mwaka 1960, umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake ya sentimita za ujazo 1618 imelazwa upande nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Fungua uione, watu wengi wakiiona mara ya kwanza hudhani vishikio vya injini vimekatika. Laina zake, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za maji, zinachomoka moja moja, kwa hiyo injini ikichoka hukwangui bloku, unabadilisha laina na pistoni unaendelea na safari. Gia iko kwenye usukani. Na mashindano ya magari ya Safari Rally yaliipa heshima ya ushindi mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba, na la mbele lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 wakashinda haohao, na safari hiyo pia yakamaliza saba. Katikati pale alishinda mara mbili mfululizo Bert Shankland wa kwetu Tanzania. Tulipokuwa watoto, kila mwenye Pijo mtaani aliendesha kama yeye ndiye Shankland. Kwao Ufaransa, Sochaux, Peugeot wana makumbusho yao tangu mwaka 1988. Watu hulipa kiingilio kuitazama gari ambayo kwenu kuku wanataga ndani yake.

Kazi ya kufanya ni hii, na ianze Jumamosi hii. Hamisheni kuku. Pandisheni gari kwa jeki, mliweke juu ya magogo manne imara ili matairi na springi zipumzike. Msijaribu kuwasha! Vijana wengi hufunga betri mpya siku ya kwanza na kuvunja ringi zilizoshikana na kutu. Toeni plagi zote nne, mimineni oili nyepesi kijiko kimoja kimoja kila tundu, mwache wiki nzima. Halafu tafuteni hendeli. 404 inakubali hendeli, tundu lake liko mbele. Zungusheni kwa mkono, polepole, plagi zikiwa bado nje. Ikikataa, ongezeni oili, subirini wiki nyingine. Ikizunguka, mwageni oili yote ya chini muitazame rangi: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yamepita kwenye mipira ya laina, mwiteni fundi. Petroli ya zamani itoke yote tangini, itakuwa inanuka kama vanishi. Breki msiziamini kabisa mpaka silinda zake zifunguliwe, na nyaya kagueni moja moja kwa sababu panya hupenda ganda lake.

Sehemu iliyoliwa na kutu ikwanguliwe, ipakwe dawa ya kutu, basi. Osheni gari kwa maji na sabuni laini, si mashine ya presha karibu na yale maandishi.

Maonyesho unayosema, yale ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yapo tangu mwaka 1970, na mnaweza kwenda mwaka ujao kama watazamaji kwanza. Waone waamuzi wanavyochungulia mpaka chini ya matumbo ya magari. Ongeeni na wenye 404, watawaambia vipuri wanapata wapi. Kuhusu ndugu zako, usiwashinde kwa maneno. Logbuku, ile kadi ya umiliki wa gari, kama bado ina jina la guka, hilo mlimalize kwanza kifamilia na kisheria, maana huko ndiko ugomvi hukaa. Kisha mwombe kila mmoja wao asimulie safari moja aliyopanda nyuma ya pikapu ile. Mimi ningeanza na yule anayetaka kuuza kuliko wote.

*Mzee, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Temeke. Wanafunzi wangu arobaini wamesoma habari za usafiri. Ulaya hatufiki. Hapa Dar kuna pa kuwapeleka waone gari la kihistoria?*
*Mwalimu wa darasa la tano*

Mwalimu, pako daladala moja au mbili tu kutoka kwenu. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jengo lililofunguliwa mwaka 1940. Kuna magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, na kubwa kwangu ni Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya Mwingereza kisha ikamhudumia Mwalimu Nyerere. Gari moja, tawala mbili, kiti kilekile cha nyuma. Sijui kitabu cha historia kinachoweza kumwonyesha mtoto wa miaka kumi na moja maana ya Uhuru kwa haraka namna hiyo.

Andika barua mapema, kundi la arobaini linahitaji mpangilio. Usiwape watoto karatasi ya maswali kumi. Kila mmoja achore kitu kimoja tu cha gari, kwa ukaribu: kitasa, taa, alama ya mbele, hatua ya mlangoni. Darasani mbandike michoro arobaini ukutani na mliunganishe gari. Waulize pia nani alikuwa analiosha kila alfajiri na alitumia saa ngapi. Watoto wetu wengi baba zao na kaka zao ni madereva na waosha magari, wape sababu ya kusema hivyo kwa sauti darasani.

*Shikamoo babu. Magari ya makumbusho bado yanawaka au yamekufa?*
*Mwanafunzi wa darasa la sita, Unguja*

Marahaba mjukuu wangu, umeuliza swali ambalo wakubwa wanaona haya kuuliza. Mengi yanaweza kuwaka. Wayatunzao huyamwaga petroli na kuchomoa betri ili yasilete moto ndani ya jengo, na mara nyingi gari hunyanyuliwa kidogo ili tairi lisikae upande mmoja likapinda. Hewa ya ukumbini hupimwa, isiwe na unyevu mwingi ikaleta kutu, wala isikauke mno ikapasua ngozi za viti na mbao. Wewe wa Unguja unajua chumvi ya bahari inavyokula baiskeli, basi fikiria gari la miaka mia na thelathini.

Na yapo yanayotolewa nje kabisa. Kila mwaka mwezi wa Novemba, magari yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905 hutoka London kwenda Brighton, karibu kilomita 100, kwa nguvu zake yenyewe, kukumbuka siku ya 14 Novemba 1896 ambapo Waingereza walisherehekea kuruhusiwa kwenda maili 14 kwa saa badala ya nne. Mengine hukwama njiani. Utamwona bwana mzima na koti lake la manyoya amepiga magoti kwenye matope, spana mkononi, na wanaopita wote wanasimama kumuuliza kama anahitaji msaada.